Gari Lililotiwa Mkono

Barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, ikishaupita uwanja wa ndege, hufika Otonglo kabla ya kufika Kisian, ambapo hugawanyika mapande mawili, moja likipanda milima kuelekea Maseno na jingine likishika njia ya Bondo na Usenge; na kwa sababu hiyo mtu akaaye Otonglo, hata asiye na gari wala haja ya gari, hupitiwa mbele ya macho yake, tangu alfajiri hata usiku, na kila namna ya chombo cha moto kinachowatumikia watu wa mwambao wa ziwa. Hupita pikapu za samaki zilizoongezwa vyuma vya springi hata zikiwa tupu sehemu ya nyuma imesimama juu. Hupita Probox zilizoinuliwa kwa spesa, zimejaa watu na magunia ya omena. Hupita matatu zenye madirisha ambayo kiwanda hakikuyakata. Na mwisho wa wiki hupita Subaru za vijana, zimevishwa rimu pana na mofla ambazo kishindo chake humtangulia mwenyewe kufika. Aghalabu ya magari hayo yaliteremshwa Mombasa kutoka Japani yakiwa na sura nyingine, na mikono iliyoyageuza ni ya mafundi wetu wenyewe.

Nilianza kuyajua mambo haya nikiwa kijana, katika gereji ya mjomba wangu, ambayo ilikuwa ua mtupu uliozungushiwa mabati kando ya barabara hiyo. Na baadaye, mjomba alipokwisha kuzeeka na ua ukauzwa, niliendelea kuitwa na jamaa na wageni niwatazamie magari kabla hawajatoa fedha zao, kazi ambayo ninaifanya hata leo kwa ujira mdogo na mapenzi makubwa. Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili: je, gari likibadilishwa baada ya kutoka kiwandani, hudumu kama lilivyokusudiwa kudumu, na siku ya kuliuza hushika bei yake? Wenye kuuliza hutaka jawabu la neno moja, nami siwezi kuwapa, kwa kuwa nimeyaona magari yaliyoharibika kwa kuguswa kidogo tu, na nimeyaona mengine yaliyogeuzwa karibu yote yakafanya kazi miaka na miaka. Lakini sababu ya tofauti hiyo si siri wala si bahati, na mtu akiifahamu ataihifadhi mali yake.

Nitaanza na kitu kidogo kuliko vyote, ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni badiliko, nacho ni kung'olewa kwa thamostati. Hii ni vali ya kutoshea kiganjani, iliyowekwa katika njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta ipanukayo kwa joto, na katika magari mengi madogo ya Kijapani vali hufunguka maji yafikapo nyuzi 80 na kitu. Injini ikiwa baridi vali hufunga, maji yakazunguka ndani ya injini peke yake hata ipate moto upesi. Ikishapata moto, vali hufungua njia, maji yakaenda kupozwa. Sasa, gari likiletwa gereji likichemka, jambo la kwanza kufanywa ni kuing'oa. Naikumbuka vema namna yake: fundi hulegeza nati mbili za kifuniko, maji ya rangi ya kutu yakamwagika mchangani, kidude kikachokolewa kwa bisibisi na kutupwa katika kopo la vyuma chakavu, kifuniko kikarudishwa kwa gundi ya gasketi, na mwenye gari akaambiwa kwa upole, "Mzee, hii ni ya nchi za baridi. Hapa kwetu haina kazi."

Simdharau fundi asemaye hivyo. Nchi yetu ni ya joto, mpando wa kutoka Kisian hadi Maseno ni mrefu, rejeta nyingi zimeziba kwa kutiwa maji ya mtoni na ya bomba badala ya dawa yake, na vali iliyokwama ikiwa imefunga yaweza kuichemsha injini hata gasketi ya kichwa ikaungua. Kwa hiyo yeye ameokoa safari ya siku ile, na mteja ameondoka ameridhika. Walakini ugonjwa ulikuwa katika rejeta, na kisu kikapitishwa katika kiungo kizima. Injini isiyofika joto lake hujiona daima kuwa imeamka sasa hivi; kompyuta yake huiongezea petroli kama iifanyiavyo asubuhi; oili haipati moto wa kutosha kuufukuza unyevu na petroli iliyochanganyika nayo, ikageuka tope jeusi; na ringi na silinda hulika pole pole. Mwenye gari haoni lolote katika mwaka wa kwanza ila kwamba mafuta yanakwisha upesi, naye hulaumu bei ya petroli.

Ndiyo maana nikiitwa kulitazama gari sianzi na rangi wala rimu. Naomba liachwe lipoe usiku kucha, asubuhi naliwasha, na ikiwa ni mojawapo ya magari yenye ile taa ya buluu ya kuarifu kwamba injini ingali baridi, naitazama taa hiyo huku tukipanda kwenda Maseno. Yapasa izimike baada ya dakika chache na isirudi. Ikiwa wakati wa kuteremka, injini haifanyi kazi nzito na upepo wa mlimani unaipiga rejeta, taa ikawaka tena, najua bila ya kufungua nati hata moja kwamba vali haimo, nami namshauri mnunuzi apunguze bei kwa kiasi cha kutosha kununua rejeta mpya pamoja na thamostati, au aende zake.

Badiliko la pili ni lile la kuliinua gari, nalo latakiwa litazamwe kwa insafu zaidi, kwa kuwa limezaliwa na haja ya kweli. Toyota ilipoitoa Probox katika mwaka 2002, iliikusudia kwa makarani na wachuuzi wa miji ya Japani, wapite katika lami nyororo na mzigo usiozidi kilo 400. Sisi tumeifanya teksi, na lori, na gari la harusi, na gari la msiba. Mtu akaaye ndani ya Korando au Kogony, katika masika, au yule ambaye safari zake humpeleka Ahero na vijiji vya bonde la Kano, ambako udongo mweusi ukilowa hushika gurudumu na Mto Nyando hufurika, hawezi kuambiwa kwamba gari lake libaki chini kama lilivyotoka kwa sababu mhandisi wa Japani alipenda hivyo. Anahitaji nafasi chini ya gari, na fundi humpa.

Lililo muhimu ni namna ya kumpa. Njia ya rahisi ni spesa, yaani kipande cha mpira mgumu au cha alumini, unene wake inchi moja au mbili, kiingizwacho juu ya shokabzoba ya mbele, pale zilipo boliti tatu zinazoonekana ukifungua boneti, na juu ya springi za nyuma. Kazi haimalizi hata nusu siku. Gari hupanda juu, mwenyewe hufurahi, lakini shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, ambazo zilikuwa karibu kulala sawa, sasa zimeinama; viungo vyake huzunguka kwa pembe visiyoizoea; mfuko wa mpira unaovifunika hukunjwa kupita kiasi hata ukapasuka; grisi hutoka, mchanga huingia; na baada ya miezi kadhaa, dereva akikata kona, husikia mgongano wa chuma, ko-ko-ko, chini ya mguu wake. Fauka ya hayo magurudumu hayasimami tena wima, na tairi hulika upande mmoja. Taa za mbele huwapiga machoni waendao kinyume. Na mwili wa gari, ukiwa umepandishwa juu na kupakiwa watu tisa, huyumba kwenye kona kuliko zamani.

Katika siku za mjomba alikuwapo jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyeletwa na kijana mmoja fundi wa spesa ili ainuliwe gari lake kwa mara ya pili. "Japuonj," kijana alimwambia, akimwita mwalimu kwa Kijaluo, "tukiongeza inchi mbili nyingine hakuna jiwe la njia hii litakalokugusa." Mjomba, ambaye alikuwa ameinama juu ya injini nyingine, alijibu bila ya kuinuka, "Kweli, nyathina, mwanangu, jiwe halitamgusa. Na shafti zikivunjika huko Holo usiku, nani atakwenda kumchukua?" Mwalimu akanyamaza, akauliza lipi lingine liwezekanalo, naye akatiwa springi imara zaidi zilizo ndefu kidogo, na shokabzoba za kulingana nazo, bushi mpya, kisha gari likapelekwa mjini kupimwa alaimenti. Alilipa zaidi ya mara tatu ya gharama ya spesa, na gari lile lilimtumikia hata likarithiwa.

Hapo ndipo palipo hikima yote ya jambo hili kama niionavyo mimi. Gari ni hesabu iliyokwisha kupatanishwa, springi kwa uzito, breki kwa mwendo, giaboksi kwa ukubwa wa tairi. Na mwenye kuigusa namba moja yampasa azipitie na nyingine. Atiaye tairi zilizozidi kimo kwa asilimia 5, mathalan, na ajue kwamba mshale wake ukisema kilomita 80 yeye yuko 84, na kwamba injini sasa inavuta gia ndefu kuliko ilizopimiwa. Ubaya hautoki katika kubadili. Hutoka katika kubadili kimoja na kuwasahau jamaa zake.

Vijana wa mofla hunijibu kwa kunitajia mbio za magari, nao wana haki, kwa kuwa nchi hii ilipata kuwa chuo kikuu cha elimu hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Peugeot 404 ilipata kushinda mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Na sidhani kuwa kulikuwa na tangazo lililoyauza magari hayo katika Kenya zaidi kuliko ushindi huo, hata zile 504 za viti vya safu tatu zikawa ndizo zilizowasafirisha wazee wetu kati ya Kisumu na Nairobi. Lakini mfano niupendao zaidi ni wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mwaka 1932, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, ambaye mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na dereva mwingine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari kuukuu, lililokwisha kupigwa na mawe na matope, likawashinda mapya! Nawaambia vijana: hakushinda kwa kulitia kishindo, alishinda kwa sababu alikuwa fundi anayeijua kazi ya kila kipande, na gari la mbio hutazamwa upya kila lisimamapo. Nani kati yenu hulala chini ya Subaru yake kila jioni kukaza boliti?

Mofla yenyewe haina madhara makubwa kwa injini. Kinachonisikitisha ni kile kinachoondolewa pamoja nayo, yaani katalisti, ambayo ndani yake mna madini ya thamani, platini na wenzake, na kwa sababu hiyo hununuliwa kwa fedha na watu wasiouliza maswali. Ikiisha kuondoka, kihisio kilichokuwa nyuma yake huona moshi si ule, na taa ya injini huwaka katika dashibodi. Hapo mwenye gari, badala ya kuirudisha, huizima taa. Nimefungua dashibodi moja nikaikuta imebandikwa utepe mweusi wa umeme kwa nyuma, vizuri kabisa, kwa kazi ya mtu mwenye subira; na tangu hapo, hitilafu yoyote ambayo injini ingetaka kuieleza, ya plagi au ya koili au ya petroli, haikuwa na mahali pa kuelezewa. Mnunuzi na awashe swichi kabla ya kuwasha injini, azihesabu taa: ile ya injini yapasa kuwaka kwa kitambo pamoja na wenzake. Isipowaka, imenyamazishwa.

Na katika mabadiliko yote, yaliyo hatari kuliko mengine kwa uimara wa gari ni ya nyaya. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano ubavuni. Lilikuwa jambo jema, lililookoa roho za watu, nami naliunga mkono hata leo. Lakini vidhibiti vile vilifungwa kwa haraka, mara nyingi kwa kukatwa waya wa kiwanda na kuunganishwa mwingine kwa kusokotwa tu, kisha wengine wakavipitia pembeni, kisha vikaondolewa, vikafungwa vingine. Matatu hizo zilipouzwa na kufanywa magari ya kanisa au ya shule, nyaya zile zilibaki chini ya dashibodi, nusu zimekufa na nusu zina umeme, na mwenye gari mpya akawa na gari lizimikalo lenyewe penye mvua, bila ya fundi yeyote kuweza kumwambia kwa nini. Redio kubwa, kengele za wizi na taa za ziada zilizofungwa bila fyuzi huleta balaa hilo hilo.

Sasa bei. Watu hudhani soko hulipa kwa ajili ya uzuri, na mtu aliyetumia fedha nyingi kwa rimu, viti vya ngozi na redio huja kuniuliza aziongeze kiasi gani katika bei ya kuuzia. Humwambia: karibu na sifuri. Mnunuzi wa pili hakuyachagua mambo hayo, hana haja ya kuyalipia, na aonapo gari lililoguswa mahali panapoonekana, hujiuliza limeguswa wapi pengine pasipoonekana. Na shaka hiyo ndiyo aitoayo katika bei. Anayependa kulipamba gari lake na alipambe kwa ajili ya furaha yake, aviweke vifaa vya asili katika gunia mahali pakavu, na siku ya kuuza avirudishe, auze rimu zake peke yake kwa kijana mwenye raghba nazo.

Hata hivyo yapo mabadiliko yaliyoleta faida, nami niliyaona katika pikapu moja ya samaki iliyokuwa ikifanya safari za Usenge. Mwenyewe aliongeza vyuma viwili katika kila springi ya nyuma, akabadili tairi akatia zenye kubeba uzito zaidi, akawa anabadili pedi na laini za breki kabla hazijakwisha, na sanduku la barafu alilifunga kwa boliti badala ya kulichomea katika chasisi, ili litoke bila ya kuacha jeraha la kushika kutu. Alipotaka kuuza, dalali mmoja wa mjini alimwambia aipeleke Nairobi. Nikamshauri asiipeleke, kwa maana huko mnunuzi angeona springi ngumu na harufu ya mbuta, lakini hapa njia ya Bondo mnunuzi angeona kazi iliyokwisha kufanywa. Akaiuza kwa mfanyabiashara mwenziwe wa samaki, kwa bei iliyozidi ya pikapu ya mwaka ule ule isiyoguswa. Gari la namna hiyo lina soko dogo, walakini ndani ya soko hilo dogo lina heshima.

Kubadilisha injini ni jambo la peke yake, kwa kuwa hapo mtu hugusa hati pamoja na chuma. Nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari, pamoja na ya chasisi na rangi, na sheria yataka badiliko liarifiwe, gari likaguliwe na hati itolewe upya. Kazi hiyo sasa i mikononi mwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Asiyefanya hivyo huendesha salama miaka yote, kisha siku ya kuuza, au mbaya zaidi siku ya ajali, nambari hazipatani. Mkataba wa bima umesimama juu ya uaminifu kamili wa pande zote mbili, na kampuni iliyofichwa badiliko kubwa hupata sababu ya kukataa kulipa. Nimewaona watu wakiliacha gari zuri, lenye injini nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu ya nambari moja tu, na sikuwalaumu.

Mjomba wangu alikuwa na daftari la shule, kurasa zake zimeingia alama za vidole vyenye oili, ambamo aliandika tarehe, namba ya gari, kilichotolewa, kilichotiwa na kilichoachwa kwa kukosa fedha. Hakufundishwa hayo na mtu. Aliona tu kwamba mteja akirudi baada ya mwaka, kumbukumbu ya fundi haiaminiki. Zaidi ya mara moja nilimwona mnunuzi akilisoma daftari lile mstari kwa mstari, akiuliza maana ya neno hili na lile, kisha akatoa fedha bila ya kubishania bei ya gari lililokuwa limebadilishwa springi, na kilachi, na rejeta. Siku hizi kila fundi wa Otonglo ana simu yenye kamera mfukoni, na naona uchungu kwamba ni wachache mno wanaoitumia kwa kazi hii. Yuko mmoja, karibu na njia panda ya Kisian, ambaye kila anapofungua kitu humpigia mwenye gari picha tatu, kile cha zamani, kile kipya katika boksi lake, na mahali palipofungwa, wala haongezi shilingi kwa ajili ya hayo. Na magari yatokayo mikononi mwake ndiyo pekee ambayo, nikiulizwa yanunuliwe kwa bei kamili ingawa yamebadilishwa, hujibu ndiyo.